Waya wa pawa wa laki nne na nusu: utabadilisha nini kwenye sauti?

Rafu_ya_Santuri

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulichambue hili kwa hesabu, maana sifa za dukani nimeshazisikia zote.

Mfumo wenyewe: amplifaya ya stereo ya wati 80 kila chaneli kwenye omu 8, transfoma ya duara, tundu la pini tatu la kuchomekea waya wa pawa (C14) nyuma. DAC (kigeuzi cha sauti ya dijitali kuwa ya analogi) yenye adapta ya pini mbili, inalishwa na kompyuta ya mezani kwa USB. King'amuzi cha dishi kimeingia kwenye amplifaya kwa RCA, zile waya za sauti za plagi ya duara. Umeme ni wa TANESCO, plagi za pini tatu zenye fyuzi ndani. Waya wa pawa ni ule uliokuja na amplifaya, mita 1.5, umeandikwa 3 x 0.75.

Muuzaji anapendekeza waya mnene wenye ngao, shaba iliyopakwa fedha, kwa laki nne na nusu. Anasema besi itakaza, na ule mvumo unaosikika muziki ukiwa umesimama utakwisha. Kuna jambo jingine: kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne usiku, sauti ikipandishwa huanza kupasuka mapema kuliko mchana.

Je, waya wa 0.75 unainyima amplifaya mkondo? Ngao inaondoa mvumo? Na kama majibu ni hapana, hela hiyo iende wapi?

Omu_na_Volti

Mkuu, la mkondo tulimalize kwanza kwa sababu linahesabika.

Waya laini wa shaba wa 0.75 una ukinzani wa miliomu 26 kwa mita. Wa 1.5 ni miliomu 13.3, wa 2.5 ni kama 8. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo waya wako wa mita 1.5 ni mita 3 za shaba: omu 0.078. Amplifaya hiyo ikisukumwa mpaka mwisho chaneli zote mbili itavuta wati kama 300 ukutani. Haivuti kwa ulaini. Dayodi za rektifaya, zinazogeuza umeme wa mawimbi kuwa wa moja kwa moja, hufunguka karibu na kilele cha wimbi tu, mara 100 kwa sekunde, na mkondo huja kwa mafungu mafupi makali. Tuchukue kilele cha ampea 8. Mara 0.078 tunapata volti 0.62. Kilele cha umeme wa 230 ni volti 325, kwa hiyo kilichopotea ni asilimia 0.19.

Weka waya mnene wa 2.5 na upotevu unashuka hadi volti 0.19. Faida yote ni volti 0.43 kati ya 325. Ifuate hadi ndani: mashine ya wati 80 huwa na reli (njia za umeme wa moja kwa moja ndani yake) za takriban volti 42 chanya na 42 hasi, hivyo hiyo 0.43 inafika pale ikiwa chini kidogo ya volti 0.06. Kwenye reli hizo hizo, kapasita ya mikrofaradi 10,000 ikitoa ampea 3 kwa milisekunde 8 kabla haijajazwa tena, volteji inashuka kwa volti 2.4. Inashuka na kupanda hivyo mara 100 kila sekunde muziki ukiwa mkubwa, na sakiti ya amplifaya imeundwa kuvumilia hilo. Mtu anayesema anasikia 0.06 juu ya 2.4 inabidi aoneshe njia inayopita.

Kuna kipimo unaweza kukifanya leo. Chomoa plagi ukutani, washa swichi ya amplifaya, weka mita kwenye omu kati ya pini mbili fupi za plagi. Transfoma ya VA 300 (volti mara ampea, kipimo cha uwezo wake) itakupa omu kama 2 hadi 3, ila kama kuna rilei ya kuwasha polepole kipimo kitakuwa tofauti. Hiyo ni koili ya kwanza ya transfoma. Omu 0.078 ya waya imejumlishwa humo na hutaiona kwenye mita ya kawaida.

Nyuma ya soketi nako kuna mita 20 za waya wa 2.5 hadi kwenye breka, kwenda na kurudi omu 0.3. Hiyo ni karibu mara nne ya waya unaotaka kuubadilisha, na bado hatujafika kwenye nguzo.

Dada_Sakiti

Nachukua swali la ngao na mvumo.

Ngao ya karatasi ya aluminiamu au ya nyuzi za shaba huzuia uga wa umeme. Uga wa sumaku wa hezi 50 hupita humo kama haipo, na huo ndio unaosumbua sindano ya gramafoni na waya za RCA zilizo karibu. Kinachoupunguza ni umbali, na pia laini na nyutro kusokotwa pamoja, jambo ambalo waya wowote wa pini tatu wa mviringo tayari unalo.

Kwa mfumo uliouorodhesha, kaka, ninachoshuku ni mzunguko wa ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini). Kompyuta ya mezani ina ethi. Amplifaya ina ethi. Dishi limefungwa kwenye nguzo au bati na kebo yake inaingia kwenye king'amuzi. Vyote vimeunganishwa mara ya pili kupitia ngao za USB na RCA. Ethi za sehemu mbili zikitofautiana hata kidogo, mkondo unapita kwenye ngao ya RCA, na kwa RCA ngao hiyo hiyo ndiyo njia ya kurudi ya muziki. Miliampea 10 kwenye ngao yenye ukinzani wa miliomu 50 ni milivolti 0.5. Ukilinganisha na volti 2 za DAC, hiyo ni desibeli 72 chini. Muziki ukiwa unapiga huisikii. Ukisimama, unaisikia vizuri kabisa.

Itafute hivi. Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, tatizo liko baada ya kitufe cha sauti, ndani ya amplifaya yenyewe. Sogeza sikio kwenye boksi: kama linalonguruma ni boksi na si spika, hiyo ni transfoma, tutaizungumza. Mvumo ukipanda na kushuka na kitufe, zima amplifaya, chomoa RCA zote, iwashe tena na sikiliza. Kimya? Rudisha DAC peke yake, kisha king'amuzi peke yake, ukizima kabla ya kuchomeka kila mara. Kwa king'amuzi, fungua kebo ya dishi nyuma yake huku RCA ikiwa imechomekwa. Kwa DAC, badilisha kompyuta na laptopu inayotumia betri, chaja ikiwa imechomolewa.

Waya wa ethi usikatwe, wala plagi ya pini tatu isifungwe bila waya wa kijani na njano ili "kuua mvumo". Mafundi wengi wanafanya hivyo na mvumo unaisha kweli. Siku laini ikigusa boksi ndani, fyuzi haitakatika kwa sababu hakuna njia ya kurudi. Volti 230 zitakaa kwenye boksi na kwenye ngao ya kila RCA, zikimsubiri mtu.

Rafu_ya_Santuri

Nimefuata hatua. Sauti ikiwa sifuri ni kimya. RCA zote zikitoka ni kimya. King'amuzi peke yake: mvumo, na ukifungua kebo ya dishi unaisha palepale. DAC na kompyuta ya mezani: mvumo mdogo pamoja na mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya. Laptopu kwenye betri: safi. Boksi la amplifaya halingurumi.

Kwa hiyo ninunue kile kitenganishi cha kebo ya antena?

Dada_Sakiti

Kwa dishi, usinunue. Vitenganishi vya antena vina kapasita ndani zinazozuia mkondo wa moja kwa moja, na king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, kupitia kebo hiyo hiyo. Ukikiweka katikati, LNB inazimika na chaneli zote zinapotea. Vinafaa kwa antena ya kawaida ya dijitali isiyo na busta juu ya mlingoti.

Kwako kuna njia mbili. King'amuzi kikiwa na tundu la optiko, na DAC yako ikawa na la kupokea, pitisha sauti hapo. Mwanga haubebi ethi. Kama hakina, weka transfoma ya sauti ya kutenganisha ya 1:1 kwenye RCA, na iwe karibu na amplifaya. Zile ndogo sana zinapoteza besi ya chini, chini ya hezi 40 hivi, kwa sababu kiini chake cha chuma kinashiba. Kwa king'amuzi si hasara kubwa. Kwa chanzo cha muziki usitumie ya bei ya chini kabisa.

Kompyuta: optiko tena ikiwezekana. Kama ni lazima iwe USB, kitenganishi cha USB. Angalia kasi yake. Vile vyenye chipu ya ADuM4160 vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, na DAC inayodai megabiti 480 itakataa au itashuka hadi 24/96 (biti 24, kilohezi 96). Na kabla ya kununua chochote, chomeka kompyuta, amplifaya na king'amuzi kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi. Hilo peke yake hupunguza mvumo wa kompyuta kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa tofauti ya ethi kati ya soketi mbili inaondoka. Mvumo wa dishi utabaki.

Sikio_Kwanza

Naheshimu hesabu zenu, lakini tusifike mahali pa kusema waya wa pawa hauna athari yoyote. Zipo hali ambazo ukibadilisha waya, sauti inabadilika, na ni halisi.

Ya kwanza ni C13, kichwa cha waya kinachoingia kwenye C14, iliyolegea. Shaba ya ndani ikichoka, plagi inacheza kwenye tundu, inatoa cheche ndogo ndogo na spika zinakwaruza kila ukigusa rafu. Waya mpya unatibu, hata wa bei ndogo. Ya pili ni vifaa vya pini mbili vyenye tundu la C7, lile la umbo la nane. Laini na nyutro zinaweza kuingia kinyume, na kwa kuwa koili za transfoma zina kapasita ndogo kati yake, mkondo unaovuja hutofautiana kwa upande. Kugeuza C7 nyuma ya kifaa ni bure na mara nyingine mvumo unapungua hadi usisikike. Ya tatu ni gramafoni. Sindano ya MM (sumaku inayosogea) hutoa milivolti 5 hivi, ya MC (koili inayosogea) nusu milivolti au chini yake, kisha ishara inakuzwa mara nyingi. Waya wa pawa uliolala sambamba na waya wa sindano utaingiza hezi 50 na vizidishi vyake. Waya mfupi zaidi, au uliopitishwa sentimita 30 mbali na kukatiza kwa pembe mraba pale inapobidi kupishana, unabadilisha kila kitu.

Wanaosema wamesikia tofauti si waongo wote.

Omu_na_Volti

Nakubaliana na yote matatu, na hakuna hata moja linalohitaji shaba iliyopakwa fedha wala laki nne na nusu. Hapo ndipo ubishi wetu na muuzaji ulipo.

Kwa wanaotaka ushahidi wa masikio: mwaka 2004 huko California, wanachama wa Bay Area Audiophile Society walipimwa bila kujua waya upi umechomekwa, waya wa kawaida wa bei ndogo ukilinganishwa na Nordost Valhalla wa maelfu ya dola. Majibu sahihi yalikuwa 73 kati ya 149. Kurusha shilingi kungetoa matokeo hayo hayo, na hawa ni watu wanaopenda vifaa na waliotaka kuisikia tofauti.

Ukitaka kujipima nyumbani, mtu mwingine achomeke waya akiwa nyuma ya pazia, kwa mpangilio wa kurusha shilingi, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, bahati peke yake hutoa matokeo hayo chini ya mara 4 katika 100. Kitufe cha sauti kisiguswe. Hakikisha kwa mita ya milivolti kwenye vituo vya spika, ukipiga toni ya hezi 1000, kwamba pande zote mbili ziko sawa ndani ya desibeli 0.1, yaani kama asilimia 1. Tofauti ya nusu desibeli sikio halioni kama ukubwa wa sauti. Linaona kama ubora.

Mita_ya_Nguzo

Naona hakuna aliyegusa jioni, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote kwenye swali hili.

Pima volteji ya soketi saa nane mchana, kisha saa mbili usiku, amplifaya ikiwa inafanya kazi. Tuseme mchana ni 230 na usiku 190. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida haina udhibiti wa reli, zinashuka kwa uwiano uleule: 42 inakuwa 34.7. Wati zinakwenda na mraba wa volteji, hivyo 80 zinabaki kama 55. Ndiyo maana inapasuka mapema. Kilele cha muziki kinagonga dari iliyoshuka. Ukishuka hadi 180 zinabaki 49. Linganisha na volti 0.43 za waya wa fedha.

Dawa ni stebilaiza, inayopandisha volteji ikishuka. Tivii gadi au friji gadi hukata umeme ukishuka sana, haipandishi. Kwa wati 300 chukua ya VA 1000 au zaidi, kwa sababu ikipandisha kutoka 170 uwezo wake halisi unapungua, na ukubwa ulioandikwa kwenye kasha mara nyingi ni wa matumaini. Ya rilei hupandisha kwa hatua na husikika "tak" kila inapobadilisha. Kwa amplifaya si tatizo kubwa, kapasita zinajaza pengo. Ya servo, yenye mota inayosogeza brashi, ni laini zaidi lakini inachelewa, na brashi yake ya kaboni huisha baada ya miaka kadhaa. Iweke mita moja au zaidi kutoka kwenye gramafoni, maana transfoma yake inamwaga uga wa sumaku. Kumbuka haitenganishi ethi, kwa hiyo haitatibu mvumo wa dishi.

Walio kwenye sola: inveta ya mawimbi ya ngazi itafanya transfoma ya duara ingurume, na kilele chake hakifanani na cha wimbi safi, hivyo reli hazipati volteji yake. Nunua ya wimbi safi.

Na boksi likinguruma kwenye umeme wa nguzo bila inveta, mara nyingi ni mkondo wa moja kwa moja uliochanganyika kwenye umeme. Nusu volti inatosha kushibisha kiini cha transfoma ya duara. Husababishwa na vifaa vinavyokula nusu wimbi, kama baadhi ya draya za nywele zikiwa kwenye kasi ndogo. Zima vifaa vya nyumbani kimoja kimoja mpaka unguruma ukome.

Rafu_ya_Santuri

Mchana 228, saa mbili na nusu usiku 187. Asante, hilo limejibu la kupasuka.

Kwa waya wenyewe: nikiamua kutengeneza wangu mpya, sehemu zipi? Na ethi ya nyumba naipimaje?

Dada_Sakiti

Ethi kwanza. Ukipima laini na ethi ukapata 228, usiridhike. Mita ya dijitali ina ukinzani wa megaomu 10, itaonesha 228 hata kama ethi inashikilia kwa uzi mmoja uliooza. Mwite fundi mwenye kipima mzunguko wa ethi. Dalili unayoweza kuiona mwenyewe: boksi la kompyuta likikutekenya ukiligusa bila viatu, au likisoma volti 110 hivi dhidi ya ethi ya uhakika, basi ethi haifiki pale. Kapasita za kichujio zinagawa umeme nusu kwa nusu na kuuweka kwenye boksi.

Waya: mita 1.5 za waya laini wa nyuzi nyingi, 3 x 1.5, wenye alama ya TBS, au KEBS kwa walio Kenya. Kwa mkondo 0.75 ingetosha, inabeba ampea 6, ya 1.5 ni kwa uimara na kwa skrubu kushika vizuri. C13 ya kufunga kwa skrubu, ya ampea 10. Plagi ya pini tatu yenye kibano cha waya ndani. Kabla ya kulipia, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Peleka na sumaku. Ikivuta, ni chuma. Nyaya hizo zinaandikwa 1.5 na zinapata moto kama za nusu yake.

Kahawia kwenye laini upande wa fyuzi, bluu kwenye nyutro, kijani na njano kwenye ethi. Ethi iache iwe ndefu kuliko nyingine kwa sentimita 2, ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kung'oka. Usipake risasi ya kulehemu ncha zinazoingia chini ya skrubu. Risasi ni laini, inakimbia taratibu chini ya shinikizo, skrubu inalegea, kiungo kinapata moto na ndipo mkwaruzo unapoanza. Tumia kofia za kubana, au sokota nyuzi na uzikunje mara mbili. Kibano kishike ganda la nje, si nyuzi za ndani. Kaza, vuta, kaza tena.

Sikio_Kwanza

Fyuzi ya plagi iwe ya ngapi? Hiyo ya 3 hukatika kwenye transfoma za duara.

Omu_na_Volti

Weka 5. Transfoma ya duara ikiwashwa hunyonya mkondo mkali kwa mizunguko michache ya kwanza, 3 inachoka baada ya muda na kukatika bila hitilafu yoyote. Ya 13 ni kubwa mno kwa waya wa 0.75 unaobeba ampea 6, kwa hiyo usiiache ile inayokuja na plagi dukani. Iwe na alama ya BS 1362, kiwango cha Uingereza cha fyuzi za plagi, na itoke kwenye duka la umeme linaloaminika. Za bandia nyingine hazina mchanga ndani, na zikipata mkondo mkubwa zinapasuka badala ya kukata. Kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi hakiruhusiwi hata kwa kujaribu dakika moja.